Mazoezini Moto, Mechini Anapotea: Mzazi na Akili ya Mwanamichezo Mdogo

Fungulia redio yoyote ya michezo hapa Dar es Salaam asubuhi baada ya timu kubwa kufungwa, na muda si mrefu utasikia kwamba vijana "hawakuwa sawa kisaikolojia." Mchambuzi anasema, mtangazaji anaitikia, wasikilizaji wanapiga simu kukazia, kisha kipindi kinaisha bila mtu kueleza ni kitu gani hasa ambacho hakikuwa sawa. Sasa msemo huo umeteremka hadi viwanja vya watoto. Mzazi anayepeleka mwanawe akademi Jumamosi, au anayemsindikiza kwenye mchujo wa UMITASHUMTA au UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, anaambiwa na kocha: "Kipaji anacho, tatizo lake liko kichwani." Anarudi nyumbani na kauli hiyo, hajui aitibu kwa maombi, kwa ukali au kwa kumbadilishia akademi.

Tuanze na maana yake. Upande wa akili katika mchezo ni uwezo wa mtoto kuweka mawazo kwenye mpira unaokuja, si kwenye ule aliopoteza dakika tano zilizopita. Ni kuweza kucheza huku ana wasiwasi. Ni kutaka kurudi mazoezini Jumatatu baada ya kutolewa nje kipindi cha kwanza Jumamosi. Hizi ni stadi kama kupiga krosi ilivyo stadi: zinafundishika, zinachoka, na zisipotunzwa zinaharibika. Hazihusiani na wazimu. Nalisema mapema kwa sababu wengi wetu tukisikia neno mwanasaikolojia, mawazo yanakimbilia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Hata mabingwa wa dunia yanawakuta. Julai 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwanasarakasi wa Marekani Simone Biles alijitoa katikati ya fainali ya timu. Wapo waliosema kaogopa. Alichoeleza ni kwamba akiwa hewani alikuwa amepoteza hisia ya mwili wake uko wapi na sakafu iko upande gani, na kwenye mchezo ule mtu akitua vibaya anaweza kuvunjika shingo. Alipumzika, akapata msaada wa kitaalamu, na Paris mwaka 2024 akaondoka na dhahabu tatu.

Mchecheto si ugonjwa

Zimebaki dakika kumi filimbi ipigwe, na mtoto wa miaka 12 anaomba kwenda msalani kwa mara ya tatu. Viganja vimelowa, tumbo linamvuruga, moyo unadunda. Mzazi anamkemea: "Unaogopa nini wewe?" Hapo mtoto ameongezewa mzigo wa pili, aibu ya kuwa na mchecheto juu ya mchecheto wenyewe.

Kinachotokea ni maumbile tu. Ubongo umehisi kuna jambo kubwa mbele, adrenalini imemwagwa kwenye damu, moyo umeongeza kasi, damu inapelekwa kwa wingi kwenye misuli ya miguu na usagaji wa chakula umewekwa kando kwa muda. Ndiyo maana tumbo linavuruga. Mabadiliko hayo hayo ndiyo yanayompa mtoto mbio ambazo mazoezini hazionekani. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya na kupata jambo ambalo wataalamu wa michezo wanalirejelea hadi leo: msisimko ukiwa mdogo mno kiumbe hafanyi vizuri, ukipanda kiasi anafanya vizuri zaidi, ukizidi anaharibu, hasa kama kazi yenyewe ni ngumu.

Kwa hiyo kumwambia mtoto "usiwe na wasiwasi" ni kumwagiza jambo asiloliweza. Mwambie, "Ni kawaida, mwili wako unajiandaa. Ukishagusa mpira mara mbili tatu wasiwasi utapungua." Na kweli, kwa watoto wengi hupungua.

Kuna kuharibikiwa kwa aina nyingine, na huku ndiko kunakowachanganya wazazi zaidi. Mtoto anapiga danadana hamsini uani, mazoezini chenga zake zinawakalisha mabeki chini, halafu siku ya mechi mpira unamgonga ugoko unakwenda zake. Stadi iliyorudiwa sana huwa haihitaji tena kufikiriwa, mwili unaifanya wenyewe. Mtoto akihisi anahukumiwa anaanza kujisimamia kila hatua, na hapo ndipo inapoharibika. Mwanamke aliyepika chapati miaka kumi haangalii vidole vyake. Siku mama mkwe kaja kutoka Tanga, kaketi kwenye kigoda pale pale jikoni anatazama, ndipo mpishi anaanza kujiuliza kama unga kaukanda vya kutosha na kama anasukuma sawasawa, na chapati zinatoka na umbo la ramani. Ujuzi haujakwenda popote, ila macho yamehama kutoka kwenye chapati kwenda kwenye mikono.

Uwanjani, mama mkwe mara nyingi ni mzazi aliyesimama kando ya mstari.

Bei ya kukosea

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, maana ushauri mwingi wa mtandaoni unaparuka. Uzito wa mechi kwa mtoto haupimwi kwa ukubwa wa kombe. Unapimwa kwa kile anachoamini atakipoteza akikosea, na bei hiyo hupangwa nyumbani wiki nzima kabla ya mechi.

Tangu Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, atoke TP Mazembe ya Kongo kwenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kila nyumba yenye mtoto anayejua kupiga chenga ina hesabu zake. "Huyu ndiye atakayetutoa." Maneno haya husemwa kwa upendo, mara nyingi kwa utani, mbele ya wageni. Mjomba naye anaongezea, "Usitusahau ukifika Ulaya." Watu wazima wanacheka. Mtoto wa miaka 11 hacheki kwa namna ile ile. Anasikia kwamba kodi ya nyumba, ada ya dada yake na kiwanja cha mama vimewekwa juu ya miguu yake miwili. Siku akikosa penalti, kwa hesabu zake amekosa kiwanja cha mama.

Na kuna ile nyingine: "Nimekununulia viatu vya laki nzima halafu unacheza hivi?" Mzazi anaongea kwa uchungu wa pesa, na pesa kweli imetoka. Mtoto anachokipata ni kwamba kila mechi ni marejesho ya mkopo ambao hakuomba.

Kazi ya mzazi basi ni kuishusha bei hiyo. Ashinde au afungwe, chakula cha jioni ni kile kile, utani ni ule ule, zamu ya kuosha vyombo ni ile ile. Hili linahusu ushindi pia. Mtoto anayeandaliwa chipsi kuku akifunga bao, na akikosa anakaushiwa, amejifunza kwamba upendo wa nyumbani una ubao wa matokeo. Kama unataka chipsi kuku, zinunueni Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi.

Kando ya mstari na safari ya kurudi

Kwenye uwanja mmoja wa vumbi Kinondoni nilimtazama winga mdogo, miaka kumi hivi, jezi inamfika magotini. Kila mpira ulipomfikia, kabla hajaamua lolote jicho lilikwenda kwa baba yake karibu na bendera ya kona. "Piga! Piga! Aah, si ungetoa pasi!" Upande wa pili kocha: "Tuliza, kaa nao!" Mtoto akatoa pasi kwa mtu ambaye hakuwepo. Kipindi cha pili baba alipigiwa simu, akasogea hadi chini ya mwembe kuzungumza. Yule mtoto akapiga chenga ya kwanza, ya pili, ya tatu ikamshinda mpira ukatoka nje, akacheka peke yake na kukimbia kurudi kukaba.

Sidhani baba yule ni mtu mbaya. Alidhani anasaidia. Lakini maamuzi ya uwanjani huchukua chini ya sekunde moja, na sauti mbili zinazopingana zinaila sekunde hiyo yote. Shangilia, usielekeze. "Safi!", "Twende!", jina lake, makofi. Pasi na nafasi muachie kocha, hata kama unaamini kocha hajui, na huenda kweli hajui. Hilo mtaongea naye siku nyingine, mtoto akiwa mbali. Tazama pia mwili wako, kwa sababu watoto wanatusoma kwa mbali: kushika kiuno, kutikisa kichwa, kugeukia upande wa pili baada ya kosa, vyote vinafika uwanjani. Na refa muache apumue.

Kisha safari ya kurudi. Mechi imeisha pale Karume, mmefungwa tatu bila, mmepanda daladala la Gongo la Mboto na foleni imeshika. Ni saa nzima ya kukaa bega kwa bega na mwanao, na kwa mzazi anayejua mpira kishawishi ni kikubwa: kuanzia goli la kwanza hadi la mwisho, nani alimkaba nani. Usifanye. Mtoto bado ana adrenalini mwilini na amechoka. Makosa yake anayakumbuka kuliko wewe, na uchambuzi wowote saa hiyo unaingia kama hukumu. Tena hukumu yenyewe inasomwa mbele ya abiria thelathini.

Yatosha kusema, "Nimefurahi kukuona ukicheza. Una njaa?" Kisha miwa, au muhogo wa kuchoma, au kimya tu. Akitaka kuongea ataanza mwenyewe, na akianza, sikiliza mpaka amalize kabla ya kutia la kwako. Maswali yapo kesho yake: nini kilikufurahisha, wapi palikuwa pagumu, Jumanne unataka ujaribu nini mazoezini. Kwa mzazi ambaye Jumamosi yuko dukani Kariakoo na hawezi kufika uwanjani, kanuni ni ile ile kwenye simu. Swali lako la kwanza ndilo mtoto atakalolikariri, na likiwa "Umefunga mangapi?" atajua unachokihesabu. Beki na kipa wataona hawana cha kukuambia kabisa.

Sifa nazo zina namna yake

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi wa shule ya msingi. Watoto walipewa maswali, wakafanya vizuri, wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa juhudi zao. Baadaye wale waliosifiwa akili walielekea zaidi kuchagua kazi rahisi, na walipokutana na maswali magumu walivunjika moyo haraka zaidi. Watafiti waliofuata wamebishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na ni haki wabishane. Ila mantiki yake kwenye mpira utaiona mwenyewe: mtoto anayeambiwa kutwa "wewe una kipaji" akipotea siku moja hana pa kushika. Kipaji alipewa, na sasa kimeondoka. Anayeambiwa "mguu wa kushoto umekaa vizuri, yale mazoezi ya ukutani yamelipa" anajua ameutoa wapi na ataurudia vipi.

Mfano wa kurudi mchezoni tunao hapa hapa nyumbani. Oktoba 2022 Serengeti Girls, mabinti wetu wa chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India na mechi ya kwanza wakapigwa nne bila na Japani. Ingeweza kuishia pale. Mechi iliyofuata wakaifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Kolombia iliwatoa. Mwenye binti anayependa mpira na anayesumbuliwa na maneno ya majirani amsimulie hiyo.

Yanayosemwa vijiweni

La kwanza: mtoto karogwa. Mpira wetu una kamati zake za ufundi na kila anayefuatilia anajua zinashughulika na nini usiku wa kuamkia mechi. Tabu ya maelezo haya kwa mtoto ni kwamba yanamnyang'anya usukani. Kama kosa lake limesababishwa na mtu wa mtaa wa pili, hana la kurekebisha mazoezini, na siku akisahau ile hirizi nyumbani ataingia uwanjani ameshafungwa. Dua ni jambo jingine, sina ugomvi nayo. Dua fupi anayoizoea, anayoifanya kila mechi, humtuliza mtoto kama yafanyavyo mazoea yoyote mema.

La pili: fimbo na matusi humkomaza. Mtazame mtoto anayeogopa kipigo jinsi anavyocheza. Anajificha nyuma ya beki ili asipewe mpira. Akipewa, anarudisha nyuma haraka. Hathubutu chenga, na chenga asiyoithubutu akiwa na miaka 12 hataijua akiwa na miaka 20.

La tatu huja kwa heshima zote: "Wazee wetu walifanya makubwa bila saikolojia," kisha linatajwa jina la John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka akaumia goti, akaendelea, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni fahari ya nchi. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, aliyejichagulia mwenyewe kuendelea. Mtoto wa miaka 13 anayelazimishwa kucheza na goti limevimba hajachagua chochote.

Na kuna kulinganisha. "Mwenzako mbona anaweza?" Mwenzake huenda kazaliwa Januari na wako Desemba, na wanacheza kundi moja la umri. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa kuwa ukubwa wa mwili hudhaniwa kuwa kipaji. Ongeza waliobalehe mapema. Ongeza na vijeba, wale waliozidi umri wa kundi, ambao hatuna haja ya kufichana, wapo. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Mambo ya kufanyia mazoezi nyumbani

Kupumua ni kwanza kwa sababu ni bure. Kuvuta hewa taratibu puani na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, mathalani kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, hupunguza mapigo ya moyo. Pumzi hizo zifanyike mara tano. Ila zifanywe kila siku kabla ya kulala. Mbinu inayofundishwa asubuhi ya fainali haina kazi.

Pili ni ishara ya kufuta kosa. Mtoto achague mwenyewe: kuvuta soksi, kupangusa glavu, kupiga makofi mara moja, na neno moja la kujiambia, kama "unaofuata." Kipa aliyefungwa goli la kizembe ana sekunde chache kabla mpira haujaanzishwa katikati, na bila kitu cha kufanya atazitumia kujilaumu.

Tatu ni kutokimbizana na filimbi. Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyechunguza kwa miaka penalti za mashindano makubwa, alikuta wapigaji wanaokimbilia mpira papo hapo refa anapopuliza hukosa zaidi ya wanaojipa muda kidogo. Weka mpira, rudi nyuma, pumua, kisha nenda. Na ukikosa, dunia inaendelea: Bukayo Saka alikuwa na miaka 19 alipokosa penalti ya mwisho ya Uingereza dhidi ya Italia fainali ya Euro, Julai 2021, akatukanwa mitandaoni kwa rangi yake. Julai 2024, robo fainali dhidi ya Uswisi, matuta tena, alipewa mpira akafunga.

Usingizi nao. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, kijana wa sekondari 8 hadi 10. Mtoto wa Chanika anayeamka saa kumi usiku kuwahi basi la shule, akarudi na tuisheni, kisha mazoezi, hana tatizo la kisaikolojia uwanjani. Ana usingizi.

Pale ambapo si mchezo tena

Tumbo linalouma kila asubuhi ya mechi, kukosa usingizi, kususa chakula, kujitenga na rafiki zake, au kauli kwamba yeye hafai kitu, zikidumu wiki mbili au zaidi, zinahitaji mtu mwenye ujuzi. Anza na mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni au daktari kituo cha afya, ambaye anaweza kuwapa rufaa. Na mtoto ambaye ghafla anamkwepa kocha fulani, hataki kubaki naye peke yake, usimwambie avumilie. Muulize kwa utulivu, msadiki, na kumbuka namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni ya bure.

Lakini mara nyingi kinachokuja ni kauli nyepesi zaidi, jioni moja wakati unakunja jezi iliyokauka: "Mama, sitaki tena mpira." Usijibu siku hiyo, hasa kama ni siku ya kufungwa. Subiri katikati ya wiki, muulize ni mpira ameuchoka, au timu, au kelele zetu. Kama amechoshwa na timu, akademi hazikosekani jijini. Kama ni kelele zetu, mnajua pa kuanzia. Akisema anataka apumzike mwezi mmoja, mpe huo mwezi, na kocha umpigie wewe mwenyewe, ili mtoto asiende kujieleza peke yake.